Ke ya Mama Tsuya

Chisato Narumi alichora kuta za ngome miaka kumi na mmoja kabla ya kuruhusiwa kuchora mtu. Kuta, ngazi, mienge, mafuvu ya kupambia milango. Alikuwa msaidizi wa mchoraji mkubwa wa vitabu vya katuni, mzee mmoja asiyependa maneno, na katika vitabu vile hakukosekana shujaa mwenye upanga anayepanda mlima kwenda kumuua mfalme wa mashetani. Shujaa na shetani walikuwa wa mzee. Mawe ya ngome yalikuwa ya Chisato, jiwe moja moja, kwa kalamu ya wino.

Mtu akichora mawe muda wote huo hakosi kuwaza. Chisato aliwaza: ngome hii anaifagia nani? Mazimwi haya yote yanapikiwa na nani? Theluji ikijaa juu ya paa hili, nani anapanda kuipakua? Na kila alipowaza, aliyemjia kichwani na ufagio mkononi alikuwa mama yake.

Mama yake, Tsuya, aliishi Tsugaru, kaskazini kabisa, kwenye nyumba ya wakulima wa matufaha chini ya mlima Iwaki. Mwanamke mfupi, mgongo umepinda, na sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake aliye juu ya mti wa mwisho shambani. Lugha ya huko ni ya kukata. Wenyewe husema ukifungua mdomo sana theluji inaingia, ndiyo maana maneno ni mafupi. Wawili wakikutana njiani, mmoja anamaliza kuuliza "unakwenda wapi" na mwingine kujibu "bafuni" kabla mgeni hajajua kama wamesalimiana. Na neno la kumkaribisha mtu chakula ni pumzi moja tu: ke.

Ke, yaani kula. Tsuya hakuwa na njia nyingine ya kumwambia mtu kwamba anampenda. Ukirudi na matokeo mabaya ya shule, ke. Mume wake alipozikwa, alisimama mlangoni mwa jikoni akawaambia waombolezaji mmoja baada ya mwingine: ke, ke, ke. Siku Chisato alipoondoka kwenda Tokyo, ana miaka kumi na minane, mama alimpitishia mfuko wa matufaha kwenye dirisha la treni. Hakusema jitunze. Hakulia. Alisema ke, akageuka akaenda zake.

Huko Tokyo Chisato alianzia kwenye kiwanda cha vyakula vya kufungasha. Siku ya kwanza alitamka sentensi moja, wasichana wenzake wakaangua kicheko.

"Hebu rudia! Hiyo ni lugha au unakohoa?"

"Mwacheni, labda amekabwa na mfupa!"

Alicheka nao, angefanyaje. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akimsikiliza mtangazaji wa habari na kumfuatisha neno kwa neno, huku anasuka nywele. Baada ya nusu mwaka hakuna aliyejua tena anatoka wapi. Lugha ya nyumbani aliificha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka akivua viatu kwa watu, anakunja vidole ndani.

Alipofika miaka thelathini na sita mzee yule aliacha kazi, na Chisato akapata kurasa zake mwenyewe katika jarida. Akaandika hadithi ya kuwacheka mashujaa wote aliowajengea ngome. Aliiita "Vueni Viatu". Shujaa na wenzake wanapiga teke mlango wa ngome ya kaskazini, wanamkuta Malkia wa Mashetani, ana pembe mbili na aproni, anawafokea kwa sababu wameingia na viatu. Kisha anawasukumia bakuli la supu ya vichwa vya samaki na kusema: "Ke!"

Mchawi wa kundi anaanguka chini. Anadhani ni uganga wa mauti. Kurasa tatu nzima wanabishana, mmoja anasema ke ni moto, mwingine anasema ni tauni, na supu inapoa. Malkia anarudia, ke, ke, na kila akirudia wao wanajificha nyuma ya ngao. Mwishowe yule mwenye njaa kuliko wote anaonja, na machozi yanamtoka, maana tangu aitwe shujaa hakuna aliyemuuliza kama amekula. Pembeni ya lile neno, kwenye ukurasa wa mwisho, Chisato aliweka herufi ndogo za kumsaidia msomaji: kula. Kila toleo walikuja mashujaa wapya kumuua, na kila toleo waliondoka wameshiba, wamebeba matufaha.

Watu walicheka. Wengine waliandika barua kwamba walicheka kisha wakawapigia simu mama zao.

Mhariri wake, Kurosu, kijana mwembamba anayetembea kama amechelewa hata akiwa amewahi, alikuja na habari siku moja asubuhi.

"Mwalimu, kaa chini kwanza," alisema, maana ndivyo wachoraji wa katuni wanavyoitwa kwa heshima.

"Nimekaa."

"Basi simama, halafu ukae." Akameza mate. "Wanaifanya filamu ya katuni. Vipindi kumi na viwili."

Chisato alimpigia mama yake saa hiyo hiyo, Kurosu akiwa bado amesimama mlangoni na soksi zake, akasikia mwalimu wake anaongea kwa sauti ya chini lugha asiyoielewa.

"Yule shetani ndiye mimi?" Tsuya aliuliza.

"Ndiye wewe, Mama."

"Ana pembe?"

"Mbili."

"Ndefu?"

"Za wastani."

"Hee! Ngoja nikamwambie Hisae." Hisae ni mke wa kaka yake Chisato. Ilipofika jioni kijiji kizima kilijua kwamba Tsuya atatokea kwenye runinga na pembe.

Kosa liliingia kimya kimya. Aliyeandika maneno ya filamu aliziacha zile herufi ndogo. Herufi ndogo hazina sauti, angezitia mdomoni mwa nani? Likabaki neno tupu, ke. Na kwa watu wa Tokyo ke ni neno lao pia, ila kwao halina chakula ndani yake. Ni kufyonya. Ni mtu anapomtazama mwenzake toka juu hadi chini na kuona hamna kitu.

Chisato aliletewa maneno hayo ayapitie, akayapitia. Aliletewa na picha za kwanza, akaona bakuli linasukumwa kwa nguvu mno mpaka supu inaruka. Alijiambia ni haraka ya wachoraji tu. Alijua vizuri haraka ya wachoraji.

Siku ya kurekodi sauti walimwalika. Saa nne asubuhi, chumba kimejaa watu, kioo katikati, na upande wa pili wa kioo mwigizaji kijana, mpole, amevaa nguo laini isiyotoa sauti mbele ya kipaza sauti. Mwongozaji, bwana mmoja anayeitwa Iwadare, alibonyeza kitufe.

"Ongeza! Hawa wamekuja kumuua, yeye anawaona takataka. Iteme!"

"Ke!" akasema yule dada, na kwenye picha supu ikampiga shujaa usoni.

Chumba kizima kilicheka. Iwadare mwenyewe alipiga paja. Kisha akageuka.

"Mwalimu, iko sawa?"

Watu wapatao ishirini waligeuka naye. Hata yule dada upande wa pili wa kioo alikuwa anangoja, mikono ameikutanisha kifuani. Ilikuwa rahisi. Angesema tu: hapana, hivi ndivyo inavyosemwa. Lakini angelazimika kuisema. Ingebidi ashushe sauti mpaka kooni, akaze taya, amtoe mama yake mdomoni mbele ya watu wote hao waliovaa vizuri. Alisikia kicheko cha kiwandani kana kwamba wale wasichana wako nyuma ya mlango.

"Iko sawa," alisema, kwa lafudhi ya Tokyo isiyo na doa. "Inachekesha."

"Nashukuru, Mwalimu!" yule dada aliinama mara tatu. "Niliogopa nimekosea."

Jumapili ya kipindi cha kwanza, wanawake wa kijiji walikusanyika kwenye ukumbi baada ya kuondoa theluji barabarani. Kila mmoja na achari yake ya figili na chupa ya chai. Tsuya walimkalisha mbele. Alivaa blauzi aliyoivaa kwenye harusi ya mwanawe. Hisae ndiye aliyemsimulia Chisato baadaye kwenye simu, na hakupamba.

Malkia alipotokea na pembe, walishangilia. Aliposema ke na kummwagia mgeni supu, walinyamaza. Masikio yao yalisikia kula, macho yao yakaona supu usoni mwa mtu. Waliocheka kwanza ni watoto.

"Kwa nini amemmwagia mgeni?" Tsuya aliuliza.

"Ni katuni, Mama," Hisae akasema.

"Mimi nimewahi kummwagia mgeni?"

"Ni katuni tu."

Tsuya akatazama huku na huku, akaona wenzake sasa wanacheka, akacheka na yeye, kidogo, wa mwisho. Achari yake alirudi nayo.

"Wifi, ungetuambia," Hisae alimwambia Chisato. "Tungeangalia sisi kwanza, tukamwambia runinga ya ukumbini imeharibika."

Filamu ilipendwa. Ke ikaenea kama mafua. Wanafunzi wa nchi nzima walikuwa wanaambiana ke na kurusha mkono kama anayemwaga bakuli. Ikaandikwa kwenye vikombe, kwenye fulana. Ikarudi mpaka Tsugaru, na watoto wa pale pale, waliolishwa kwa neno hilo tangu wameota jino, walikuwa wakipita kando ya shamba la Tsuya wakitoka shule, wanamrushia donge la theluji na kupiga kelele: "Ke! Bibi Shetani, ke!" Hawakuwa na ubaya. Walidhani anafurahi.

Chisato alijaribu kurekebisha. Alichora kurasa nane, Malkia anamkalisha chini mtoto wa shujaa na kumweleza neno lake maana yake nini. Kurosu alizisoma amesimama, kisha akakaa.

"Mwalimu, nzuri. Nimelia, sikufichi. Lakini wasomaji watachanganyikiwa."

"Wataelewa."

"Ke sasa ni ya watu. Huwezi kuwanyang'anya."

Aling'ang'ania, zikachapishwa. Barua zilikuja nyingi. Moja ilisema mwandishi hamwelewi mhusika wake mwenyewe, na kwamba ni vyema aitazame filamu kwanza. Kwa toleo lililofuata wakubwa wa jarida waliomba Malkia amwage supu kidogo, ili kitabu na filamu vifanane. Chisato alichora. Aliichora vizuri, tone kwa tone, maana mkono uliozoea kazi haujui kukataa.

Mwaka mpya alikwenda nyumbani. Alikuta theluji imefika madirishani, kaka yake amelala karibu na jiko, Hisae anakata mwani. Mama yake alitoka jikoni na bakuli mikononi, akaliweka mezani taratibu, akapiga magoti, akasema:

"Karibu sana. Chakula ni cha kawaida, lakini tafadhali jisikie uko nyumbani."

Aliisema kwa lugha ya mtangazaji wa habari. Lafudhi ilikuwa imejipinda kama kiatu kilichovaliwa mguu usio wake, lakini maneno yote yalikuwepo, na heshima yote, ile ya mtu na mgeni.

"Mama, mbona unaongea hivyo?"

"Ninajifunza. Ninasikiliza redio."

Hisae hakuinua macho kwenye mwani.

Chisato akajibu kwa lugha ya pale, kwa sauti, kama hajawahi kuondoka. Alisema yote aliyokuwa nayo: Mama, waliniuliza, ningeweza kuwaambia, niliona haya, nisamehe. Maneno yalimtoka na kutu. Mengine alikuwa ameyasahau, akayatafuta katikati ya sentensi.

Tsuya alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainua kiganja.

"Usiongee hivyo, mwanangu. Watu watakucheka."

"Watu gani? Tuko wenyewe hapa."

"Na wewe ulicheka. Hisae alinisomea kwenye gazeti, yule mwongozaji ameeleza. Walikuuliza, ukasema inachekesha." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema kwamba barabara ya bondeni imefungwa. "Wewe ndiye uliyesoma dunia. Ukisema inachekesha, basi inachekesha. Mimi nilikuwa sijui tu. Miaka yote hiyo nawaambia watu hivyo."

"Mama, haichekeshi."

"Supu inapoa," Tsuya akasema, kwa ile lugha ya redio, na akakosea neno moja, akajirudi, akalisema upya.

Chisato akachukua vijiti. Mama yake alikaa mbele yake, magoti pamoja, mikono mapajani, wanavyokaa wenyeji wakiwa na mgeni wa mbali.

"Je, chumvi imetosha?"

"Imetosha, Mama," Chisato akajibu, naye kwa lugha ya Tokyo, kwa kuwa ndiyo peke yake mama yake aliyokubali kumsikiliza nayo.