Kapita wa Louisville Kwenye Bahari ya Wagiriki

Ndugu zangu wa Louisville, Columbus na Buffalo, leo Wagiriki wamenikabidhi bahari yao.

Sizidishi. Muulizeni mke wangu, Mama Neema.

Donc, tuko Hidra, kisiwa kidogo, kisafi, hakuna magari, mizigo inabebwa na punda. Nyumba kubwa za mawe kule juu zilijengwa na manahodha wa zamani.

Tukapanda boti ya watalii. Mzee mwenye boti akaniuliza kazi yangu. Neno la Kiingereza likanipotea, nikajibu kwa kifua: "Mimi niko kapita."

Nyinyi mnajua, kapita ni msimamizi wa kazi. Kumbe kwao neno la kufanana na hilo maana yake ni nahodha.

Mzee akavua kofia yake, akanivalisha. Akanishikisha usukani, akaenda kumenya chungwa.

"Mwambie ukweli," Mama Neema akasema.

"Niseme nini mbele ya Wazungu wote hawa?"

"Sema unapangaga makartoni ghalani."

Nikakaza mikono kwenye usukani. Boti ikazunguka. Ikazunguka tena. Watalii wakapiga makofi, wakidhani ni ufundi wa manahodha.

Mara ya tatu mwamba ukawa karibu kabisa. Mzee akatupa chungwa, akaninyang'anya usukani.

Bon, picha ndiyo hii. Kofia inanikaa au hainikai?

Mama Neema anasema nisipoandika hili ataandika yeye: hata huo ukapita wa ghala letu la Jeffersontown, hapo Louisville, nilishika siku mbili tu, kapita wetu alipoenda kung'oa jino.