Sweta Iliyozunguka Bahari

Juzi nilikuwa napita Kamenu, pale Thika, na mbele ya kibanda cha fundi wa sweta nikanusa ile harufu: uzi mpya na mafuta ya mashine. Jamani, jua lilikuwa kali, lakini nilisisimkwa na baridi mpaka vidoleni. Na hasira pia. Miaka yote hii na bado sijaisamehe ile meli.

Nilikuwa na miaka kumi, na tuliishi Gatongora, kule Ruiru. Mama alikuwa fundi wa sweta, na mwaka huo, mashine yake ya zamani ilipokufa, aliagiza kubwa ya kufuma kutoka India, iliyotumika lakini nzima. Alikuwa ameshamwahidi mwalimu mkuu wetu kwamba kufikia Julai angefuma sweta za shule nzima, na mimi ndiye ningevaa ya kwanza. Ile yangu ya zamani ilikuwa imenibana, mikono yake inaishia kwenye kiwiko, basi nikamwomba aninunulie nyingine sokoni. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mtoto wa fundi anunuliwe sweta? Watu watasema nini? Ngoja, mashine iko njiani."

Njiani! Neno hilo nililichoka. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae, na gae langu lilikuwa sweta ya Cucu, mama yake Mama, ambaye tuliishi naye. Ilikuwa ya kahawia, yenye vifungo vikubwa, inanuka moshi na kunifika magotini. Cucu aliivua mwenyewe asubuhi moja ya manyunyu, akanivisha, akasema, "Chukua. Damu ya wazee haisikii baridi." Sikusema hata asante. Kwenye paredi mwalimu wa zamu akaniuliza mbele ya shule nzima, "Nyokabi, hiyo ni sweta ama ni blanketi?" Woi! Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Na mnaijua baridi ya Julai huku kwetu. Mawingu yanaifunika Ruiru wiki nzima kama mfuniko wa sufuria, nguo hazikauki, pua hazikauki. Kila jioni niliazima simu ya Mama, nikafungua ramani ya meli na kutafuta kadoti ka ile meli iliyobeba mashine yetu. Hapo ndipo subira iliniisha kabisa. Kadoti kalitoka India, na badala ya kukata kuja Mombasa moja kwa moja, kakashuka kusini. Kesho yake kakashuka tena. Nikamwambia Mama nahodha amepotea, na yeye, kwa jinsi alivyokuwa amechoka kungoja, akaniamini. Akampigia simu ajenti wa Mombasa aliyepaswa kututolea mzigo bandarini.

"Mama Nyokabi, hajapotea," ajenti akasema. "Huko katikati upepo ni mkali na mawimbi ni makubwa. Ameamua kuzungukia kusini, karibu na ikweta, ndiko kumetulia."

"Ngai! Bahari yote hiyo, hangepitia kando kidogo?"

"Si ndiyo hiyo kando, mama."

Meli ilipofika Mombasa ilikuta nyingine zilizochelewa vilevile zimepanga foleni nje ya bandari. Wazazi wakachoka kungoja, wakanunua sweta sokoni. Kati ya foleni na karatasi za forodha, mashine ililetwa Septemba inaisha. Sweta yangu ikatoka Oktoba, jua linawaka, na Mama akanilazimisha kuivaa ili watu waone kazi yake. Nikaivaa. Nikatoka jasho huku nikimlaani nahodha, bahari na India yote kwa mpigo.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wa Jiografia alichora mshale ubaoni. Upepo unaotuletea mawingu ya Julai, akasema, ndio huohuo unaovuka ikweta, ukapinda kuelekea India na kuchafua bahari kule. Yaani upepo ulionifanya niitamani sweta ndio uliokuwa umeizuia isije! Nilipiga dawati kofi.

Lakini kuna jambo jingine lililochukua muda mrefu zaidi kuniingia kichwani, na kwa hilo siwezi kumlaumu nahodha. Siku ile ya Oktoba, nilipopata sweta yangu, nilimrushia Cucu ile yake mapajani kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo. Msimu mzima wa baridi alikuwa amejifunga leso mbili mabegani, amekaa karibu na jiko, na sikuwahi kujiuliza ana sweta ngapi. Akaivaa palepale uani, juani, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Nikamcheka.

"Cucu, si kuna jua!"

"Naliona," akasema. "Baridi ya Julai bado haijanitoka."