Injini Iliyopewa Jina la Babu

Nyanjige hakulia msiba wa mumewe, na wakwe zake wa Nkoma hawajamsamehe mpaka leo. Mimi nilikuwa nimekaa naye kwenye mkeka, nikamfinya paja kwa siri nikamwambia, "Lia hata kidogo, wanakuangalia." Akanigeukia taratibu, akasema, "Elina, nataka kulia. Hakiji kitu."

Mimi ni mtu wa Lamadi, nimeolewa hapa Kasoli, na meza yangu ya sangara wa kukaanga na dagaa imeegemea kabisa ukuta wa mashine ya kusaga ya Nyanjige. Nina mdomo, sikatai. Kwetu mtu akiudhiwa, majirani wa mtaa wa pili wanajua. Nyanjige ni mtu wa kumeza. Ndiyo maana tuliwezana.

Alipoolewa na Paschal wakahamia Kasoli, walilima pamba kama kila mtu, na fedha ya pamba ilikuwa ya Paschal kama ilivyo kwa kila mtu. Ya kwake ilitoka kwenye viazi. Alikuwa anachemsha viazi vitamu, anavikata, anavianika juu ya mawe mpaka vinakuwa matobolwa magumu ya kutafuna safarini, kisha anavipeleka Bariadi kuwauzia abiria wa mabasi. Miaka mingi. Nimemwona akienda na beseni ana mimba, nimemwona akienda na mtoto mgongoni. Kwa viazi hivyo hivyo akanunua mashine ya kusaga: kinu cha chuma na injini ya dizeli ya kukizungusha. Paschal alichangia maneno. Lakini alikuwa mwanamume mwema, tusimseme marehemu vibaya, maana alikuwa anamwambia kila apitaye, "Mashine ya mke wangu hiyo," na anacheka mpaka macho yanafumba.

Sasa injini ilipofika, ikagoma. Fundi akaja kutoka Bariadi, akafungua, akafunga, vijana wakapokezana kupiga hendeli mpaka mikono ikachubuka. Kimya. Mama mkwe wa Nyanjige akaja kutoka Nkoma kuiona mali ya mkwewe, akasimama mlangoni, akatikisa kichwa. Akasema kitu hiki kimeingia kwenye kaya bila kusalimia wenyewe, na wenyewe ni waliotangulia.

Hao ni Wakatoliki wenye sakramenti zao zote, lakini ng'ombe wa babu yuko zizini, anaitwa kwa jina la babu, na hauzwi. Ndivyo ilivyo kwao. Nyanjige, kwa kutaka kumpendeza mama mkwe, akasema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu, "Basi mayu, tuipe jina la guku Jilala." Mayu ni mama, guku ni babu, na Jilala alikuwa babu yake Paschal. Pombe ikapikwa, ikamwagwa kidogo kwenye chuma, unga ukanyunyizwa, na kesho yake asubuhi injini ikawaka kwa hendeli ya kwanza. Fundi alikuwa ameshasafisha nozeli ya kupitishia mafuta jana yake, lakini nani aliyemuuliza fundi! Tangu hapo Kasoli nzima ikawa inasema, "Napeleka mahindi kwa Jilala." Nyanjige alifurahi. Aliona sasa ukoo umempokea yeye na biashara yake.

Paschal aliugua tumbo, akapelekwa hospitali, akarudishwa kwenye jeneza. Sina namna nyingine ya kulisema, lilikwenda haraka hivyo hivyo. Tukamzika kwao Nkoma, pembeni ya shamba la pamba iliyokuwa imeshapasuka na haina mtu wa kuichuma. Na Nyanjige hakulia.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa kikao. Wanawake tulikuwa jikoni nyuma, tunasonga ugali, na ukuta wa jiko ni wa miti tu, kwa hiyo nilisikia kila neno. Aliyeongoza ni Mzee Leonidas, baba mdogo wa marehemu, mtu wa sauti ya taratibu ambaye hajawahi kugombana na mtu.

"Hii mashine kainunua Nyanjige," akasema. "Wote tunajua. Hakuna mtu hapa wa kumnyang'anya jasho lake."

Wote wakaitikia ndiyo. Nikashusha pumzi.

"Lakini injini ina jina. Nani kaipa? Kaipa yeye mwenyewe. Sasa guku Jilala akakae Kasoli kwa mjane? Kesho mjane akiolewa na watu wa Maswa, na guku naye aolewe Maswa?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilikaribia kucheka, Mungu anisamehe. Wakakubaliana bila ugomvi: injini irudi Nkoma, ikae kwa Maige, mdogo wake marehemu. Kinu hakina jina, kinu ni cha Nyanjige. Hakuna aliyedhulumiwa.

"Mayu," Mzee Leonidas akamgeukia, "una neno?"

"Sawa," Nyanjige akasema.

Nilitaka kupita kwenye ule ukuta na mwiko wangu mkononi. Sawa! Mtu amekatwa vipande viwili, anasema sawa.

Wakaja na trekta, wakafungua nati, wakakata mkanda kwa kisu kwa sababu hawakujua kuuvua. Kikabaki kinu, na sakafu ya saruji yenye boliti zilizosimama peke yake. Watu waliokuwa wamekuja na mahindi wakachungulia, wakampa pole, wakajitwika ndoo zao wakaenda mashine ya ng'ambo ya barabara.

Nyanjige aliendelea kufungua mlango kila asubuhi. Anafagia ile sakafu isiyo na unga, anakaa kwenye kigoda karibu na kinu, anatazama nje. Nikimletea samaki anakula. Nisipoleta hali. Siku moja alishika sufuria ya moto kwa mikono mitupu, akaitua chini polepole kama mtu aliyeshika sahani, malengelenge yakatoka, na mimi ndiye niliyepiga kelele. Watoto wake wawili walikuwa wakimwomba daftari, anasema sawa. Mwenye nyumba alipotaka kodi ya chumba cha mashine ipande, alisema sawa. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na neno lililobaki kinywani lilikuwa hilo moja. Nilikuwa namwonea huruma, na siku nyingine, nasema kweli, alikuwa ananikera.

Kisha Maige akaja, pamoja na Mzee Leonidas. Nilijua safari hiyo inahusu nini kabla hawajakaa. Nikaacha samaki wangu kwenye karai, nikaingia na maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeyaomba, nikajibanza mlangoni.

"Mwadila, mayu," Mzee akasalimu.

"Mwadila, baba."

Maige alikuwa ameinamisha kichwa. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Ana mke wake, ana watoto wake, na ile injini aliyopewa ilikuwa imekaa chini ya turubai Nkoma, kuku wanatagia juu yake, kwa kuwa injini bila kinu haisagi hata punje.

"Shemeji," akasema, "kaka kaacha nyumba. Injini iko kule, kinu kiko huku. Wazee wanaona hivi ni kitu kimoja. Basi niilete, nami niwe nakaa hapa siku nyingine na Nkoma siku nyingine. Nyumba isimame."

Mzee Leonidas akaongeza kwamba watoto ni damu yao, kwamba mwanamke peke yake na mashine ni chambo kwa wezi, kwamba mahari ilitolewa kamili, ng'ombe wote, na hakuna aliyesahau. Alisema kwa upole. Mtu mwenye njaa angeona ni msaada.

Na ulikuwa msaada, ukitazama upande mmoja. Akisema sawa, mashine ingewaka wiki hiyo hiyo na watoto wangekula. Ila isingekuwa tena mashine ya Nyanjige. Ingekuwa ya Maige, na unga, na chumba, na yeye mwenyewe ndani yake, na miaka yote ya beseni la matobolwa ingekuwa imekwenda kumtajirisha mtu asiyejua hata kuvua mkanda. Nami nilijua atasema sawa. Nilikuwa nimeshaanza kukasirika kabisa.

Kuku akaingia, akadonoa sakafuni, hakuona kitu, akatoka.

"Hapana," Nyanjige akasema.

Mzee akadhani hakusikia vizuri. "Hapana nini, mayu?"

"Injini siitaki. Na wewe shemeji sikutaki. Kinu changu kitakaa hapa."

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeulizwa kama anaongeza ugali, na ameshiba.

"Utasagia nini?" Mzee akauliza.

"Sijui."

"Basi ukikwama, usitutafute."

"Sawa."

Waliondoka hawajagusa maji yangu. Mimi nilipiga kigelegele mpaka wa ng'ambo ya barabara wakatoka kuangalia. Nilimkumbatia, nikamtikisa, nikamwita majina yote mazuri ninayoyajua kwa Kiswahili na Kisukuma. Alikuwa mzito mikononi mwangu kama gunia, akingoja nimalize. Kisha akachukua ufagio.

Hakukuwa na muujiza baada ya hapo. Alirudi kwenye viazi. Alichemsha, akakata, akaanika, akaenda Bariadi na beseni lile lile, mwanamke aliyekuwa na mashine yake, na wauza karanga wa stendi walimcheka kidogo. Watu wa Nkoma wakiwa Kasoli siku za kuuza pamba walipita mbele ya mlango wake bila salamu. Mama mkwe alituma neno kwamba hana mkwe. Kila mara nilimtazama usoni nione limemchoma wapi, sikuona.

Debora, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hapa kwetu, ndiye aliyemchukua. Aliwahi kumwita zamani, na Nyanjige alikuwa akijibu kwamba yeye ana ukoo. Safari hii aliingia. Walikaa vikao vingi, wakaenda halmashauri na kurudi, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri, msimu mmoja wa pamba ukapita na mwingine ukaanza. Mwishowe mkopo wa akina mama ukatoka, na Nyanjige akapata mota ya umeme. Ni ndogo, haifiki nusu ya ile injini, na umeme ukikatika anakaa bure. Mama mkwe wake alikuwa ameshaiombea isiwake. Iliwaka.

Siku hiyo wateja walipanga ndoo mpaka barabarani. Akina mama wa kikundi walicheza, Debora alihutubia watu ambao hawakuja kusikia hotuba, na mimi niligawa dagaa bure, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nyanjige alikuwa ndani, kajifunga kitambaa puani, anamimina mahindi. Jioni, foleni ilipopungua, nilimfuata nikakaa juu ya gunia la pumba.

"Umefurahi?" nikamuuliza.

Akafikiri kweli, kama mtu anayepapasa mfukoni. "Bado," akasema. "Sisikii kitu, Elina. Naona tu watu wanacheza."

"Na siku ile ya Maige? Ulipomwambia hapana, ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Hasira?"

"Hata hasira sikuwa nayo."

"Sasa uliwezaje?" Maana mimi mambo yangu yote nayafanya kwa hasira, sikuelewa mtu anatoa wapi nguvu bila hiyo.

Alizima mota. Kukawa kimya, akafungua kile kitambaa, na kwa mara ya kwanza toka msiba akanitazama machoni.

"Nilifikiri kwamba hii hali itaisha siku moja, nitazinduka," akasema. "Nikaona nikizinduka, nikute kitu changu bado ni changu."

Mama mmoja akagonga mlango na debe la mahindi, akauliza kama bado anasaga. Nyanjige akamwambia bado anasaga, akajifunga tena kitambaa, akaenda kumpokea debe.