Kidevu cha Baba Mkwe

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha eksirei cha hospitali ya misheni, kule Mbozi, wakati wa utawala wa Mwingereza, Daktari Mkuu alinipa somo fupi: "Weka mashine kwenye nyuzi za pembe zilizoandikwa, Dada. Usifikiri zaidi." Nami nilikuwa nimetoka chuoni, na kufikiri ndiko nilikofundishwa.

Ninyi mnaoianza kazi hii, shikeni jambo moja. Katika meno ya juu, filamu huegemea paa la kinywa, kwa hiyo haiwi sambamba na jino. Baina ya viwili hivyo huwapo pembe. Pembe hiyo tuliigawa katikati kwa mstari wa kufikirika, na mwale wa eksirei ulipaswa kuupiga mstari huo kwa pembe mraba. Mwale ukitoka juu mno, jino huonekana fupi. Ukitoka chini mno, hurefuka.

Mwaka wa pili aliletwa baba mkwe wangu kutoka milima ya Ileje, mpiga tarumbeta wa kanisa, akiumwa jino la mbele. Kwa desturi ya ukoo wao, mke wa mwana hamkaribii mkwewe, sembuse kumgusa uso. Nikasimama nyuma ya pazia. Daktari akapiga picha mwenyewe.

"Mzizi umelika," akasema. "Ling'olewe."

Bila jino lile, tarumbeta ingebaki ukutani. Niliitazama picha: meno yote yalikuwa mafupi, si lile moja. Nikamchungulia mzee: kidevu kifuani, kama watu wetu wanavyoketi mbele ya mkubwa.

"Mashine ilikaa sawa, Bwana Daktari. Kichwa ndicho kilichoinama, mwale ukatoka juu mno."

"Basi mwambie ainue."

Mzee aliponiona natoka nyuma ya pazia, akainama zaidi. "Mkwe, rudi huko! Unataka watu waseme nini?"

"Waseme baba yao ana meno," nikajibu. Nikamtia filamu kinywani, nikamshika kidevu, nikakiinua. Alinung'unika sana, lakini kwa filamu ile hakusikika.

Picha ya pili ilionyesha mzizi mrefu, mzima. Ugonjwa ulikuwa wa fizi, ukatibiwa.

Wakwe waliniita kikaoni, wakataka niombe radhi. Nilikataa. Alfajiri ya Pasaka, tarumbeta ilipolia, wifi yangu akanichokoza: "Sikia mkweo anavyokushtaki!"

Sasa nimestaafu, na bado naulizwa kama sijutii. Sijutii. Adabu ya kumng'oa mzee jino zima siitambui. Kikao kile kikiitishwa tena kesho, nitavaa vizuri, nitaketi mbele, na nitakataa tena.