Hodi kwenye Darubini

Muuguzi aliyempelekea vipimo kila asubuhi aliuzoea mgongo wake kuliko uso, maana mzee wa maabara hakuwa na desturi ya kugeuka. Huweka chini ya darubini kioo chenye kinyama kilichotolewa kwenye kibofu cha mkojo, hugonga meza mara mbili kwa ukucha na kusema taratibu, "Hodi," kama anayeingia nyumba ya watu. Akikuta saratani ya kawaida hujijibu mwenyewe, "Karibu," akaendelea na kazi. Akikuta zile aina adimu huvua miwani na kuifuta kwa pindo la koti, kisha husema habari za mtu asiyewahi kumwona: "Huyu ameishi na mpira wa mkojo miaka mingi." Na huwa kweli. Wenzake humtania kwamba ana majini. Muuguzi hucheka nao, huku nywele zikimsimama.

Siku hiyo alileta vioo vinne, vyote vikiwa na namba tu, bila majina. Vitatu viliitikiwa "Karibu." Kwa cha nne, mzee alivua miwani. Akaifuta, akaifuta tena.

"Mayai ya kichocho," aliiambia darubini. "Yamekaa humu tangu utotoni. Saratani hii haisikii dawa tulizozoea. Ni kisu, tena mapema. Nafasi bado ipo."

"Nimwambie daktari?"

"Utamwambia."

Muuguzi hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba kioo cha nne kilikuwa chake mwenyewe. Mzee aligeuka kwa mara ya kwanza, akamvutia kiti.

"Keti, mwanangu. Utotoni mlikuwa mkioga kwenye bwawa gani?"