Kitenge Namba Arobaini na Moja

Ndugu zangu wa baba mmoja walinitoa kwenye picha ya watoto wa baba, siku ya kumaliza matanga yake, kule Buffalo, Marekani, mwaka 2015. Walisema nilivaa kitenge cha peke yangu kwa makusudi, ili watu waone kwamba mimi na wao si kitu kimoja. Si kweli, na kaka yangu Bisimwa alijua si kweli.

Mimi ni Nsimire, wa Louisville, upande wa Okolona. Nafunga maboksi kwenye ghala. Shule sikuikanyaga, kusoma nilijifunzia kanisani nikiwa mtu mzima, na Kiingereza changu ni cha kazini tu. Baba yetu, Mzee Bagula, alikuwa na wake wawili. Mama wa dada yangu Chimène na Bisimwa alifunga ndoa kanisani. Mama yangu hakufunga. Baba mwenyewe hakututofautisha hata siku moja, lakini baba alikuwa mmoja na midomo ilikuwa mingi. Tangu utoto, nikichelewa kuitika, ni tabia ya mama yangu. Nikicheka sana, ni mama yangu tena.

Baba alifia kwa Chimène, huko Buffalo. Mwaka ulipokaribia kutimia, Chimène akatuita wote kwenye simu, Jumapili baada ya ibada, tupange. Kwetu, siku hiyo watoto wa marehemu huvua nyeusi na kuvaa kitenge kimoja. Anayevaa kingine amejitangaza kuwa mtu wa nje. Hilo nalijua hata mimi nisiyejua mengine.

Vitenge tulikuwa tunanunua kwa Balagizi, mtu wa kwetu mwenye duka Columbus. Alikuwa ametengeneza CD, maana wengi wetu tulikuwa na kompyuta za kupewa na makanisa lakini intaneti nyumbani hatukuwa nayo. Ukiweka CD, picha za vitenge zinapita, na sauti ya mwanamke inataja kwa Kiswahili namba na jina la kila kimoja. Kwa mtu kama mimi ilikuwa raha. Nilikaa mbele yake kama niko dukani kweli, mara namwambia yule mwanamke, "Rudisha kidogo, mama, sijashiba." Balagizi aliponipa alisema tu, "Dada, siku ukipata intaneti, bei zitajibadilisha zenyewe." Bei. Hakutaja kitu kingine.

Basi Chimène akasema kwenye simu, "Mufungue CD. Namba arobaini na moja. Njo hiyo nimechagua."

"Ni muzuri?" Bisimwa akauliza.

"Weye vaa tu. Mwanaume unajua nini ya kitenge?"

Tukacheka sote.

Nilipofungua yangu, arobaini na moja ilikuwa njiwa weupe kwenye bluu. Sauti ikasema, "Arobaini na moja. Njiwa." Nililia palepale. Baba alifuga njiwa nyuma ya nyumba yetu Walungu, Kongo, na mimi ndiye niliyekuwa nawamwagia mtama. Nikafikiri, kumbe Chimène anakumbuka. Nikampigia Balagizi, nikamwambia nataka njiwa, vyangu mimi, vya mume wangu na vya binti yetu. "Una bahati, dada," akasema, "vimebaki vya mwisho." Nikamshukuru Mungu.

Tulifika Buffalo asubuhi, theluji ikiwa imejaa barazani. Mlango ukafunguliwa, nikaona majani. Chimène kitenge cha majani ya kijani, Bisimwa majani, watoto wao wote majani. Kwanza nilidhani tumeingia nyumba ya watu wengine.

"Nsimire," Chimène akasema. "Hii ni nini?"

"Ni arobaini na moja."

"Arobaini na moja njo hii." Akaishika sketi yake, akaikunjua mbele yangu. "Yako imetoka wapi? Kwa mama yako?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akisonga bugali jikoni akachungulia. "Eee! Bibi harusi amefika!" Wakacheka.

Nikasema CD ndiyo ilivyonionyesha.

"CD iko moja, sisi wote tuko nayo," Chimène akajibu. "Ya kwako tu njo inajua njiwa?"

Kazini kwangu, namba ikikataa kufanana na kitu kilicho mkononi, mashine inalia na taa nyekundu inawaka. Hapa hakuna kilicholia. Wakati wa maombi nilikuwa najikagua mwenyewe: labda niliwapenda njiwa mno, macho yakaona nilichotaka. Mchungaji alisema amina, mimi bado nahesabu namba kichwani.

Baada ya chakula, mpiga picha aliita watoto wa marehemu. Nikaenda. Chimène akanishika bega, hata si kwa nguvu. "Bon, weye simama kule kidogo. Hii ni picha ya wenye sare."

Nikamtazama Bisimwa. Alikuwa anarekebisha kola yake.

Nikasimama karibu na meza ya soda. Mtu mmoja akauliza nyuma yangu yule ni nani, akajibiwa, "Ni jamaa wa Louisville."

Kesho yake, wakati wa kurudi, tulilala kwa Bisimwa, Hilliard, karibu na Columbus, maana njia ni ndefu. Asubuhi, tukingoja chai, niliona kompyuta yake sebuleni, na CD ileile ya Balagizi. Nikaiweka, nikatafuta arobaini na moja. Yakaja majani. Lakini yule mwanamke akasema, "Arobaini na moja. Njiwa."

Nikarudia. Macho yanaona majani, masikio yanasikia njiwa. Nilifikiri naumwa.

"Aa, hiyo," Bisimwa akasema nyuma yangu. "Hapa na kwa Chimène tuko na intaneti. Picha inatoka kwa intaneti, sauti ni ile ya zamani ya CD. Njiwa ilikuwa inakwisha, Balagizi akaweka majani kwa namba ileile."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile ya simu. Tulicheka sana hapa, donc, yani majani inaitwa njiwa! Nikamwambia hata Chimène. Akasema mashine imezeeka."

"Na juzi uliponiona mlangoni?"

"Nilielewa, dada. Lakini watu walikuwa wengi."

"Mpigie Chimène sasa."

"Bon, tuache. Imepita."

"Mpigie, Bisimwa."

"Nikimupigia atasema niko upande yako."

"Upande gani? Ni CD!"

Akachukua koti, akatoka kukwangua barafu kwenye vioo vya gari letu. Aliikwangua vizuri, pande zote, hata taa za nyuma. Hakuingia tena ndani mpaka tulipotoka kuagana.

Nilimpigia Balagizi. Akanipa pole, akasema CD yangu haikudanganya, ila ilikuwa haijapata habari. Nimelifikiria neno hilo mpaka leo na bado sielewi kitu kinawezaje kuwa kweli Okolona na uongo Buffalo. Sidai mtu anieleweshe.

Ninachodai ni hiki. Bisimwa ana deni la kusimama mbele ya watu walewale na kusema, "Nsimire alivaa namba tuliyompa, na mimi nilijua." Chimène ana deni la picha nyingine, yenye watoto watatu wa Bagula. Hakuna kati yao aliyelipa.