Mama Alinihoji Nikiwa Angani

Nilikwenda Lamu kwa ndege kwa sababu tulikuwa tumeshashindwa mara mbili. Nilikuwa fundi wa redio Mombasa, miaka ya hamsini, na tulitaka abiria aliye angani azungumze na mtu aliyeshika simu ya kawaida chini. Mkubwa wangu alisema jaribio la tatu ndilo la mwisho. Likishindikana, mitambo ing'olewe. Nikamwandikia mama yangu, Bi Mwanaisha, asubiri simu yangu posta ya Lamu Jumatano asubuhi.

Saa mbili tuliruka, mimi na rubani tu. Mpaka mlango wa mto Tana nilisikia mvumo mtupu. Nikafungua kifuniko cha mtambo: waya mmoja ulikuwa umelegezwa na mtikisiko wa injini. Niliukaza.

Juu ya Kililana, karibu na Lamu, nikaita tena. Bwana Shee, karani wa posta, aliitika waziwazi, akampa mama mkonga wa simu.

"Ni mimi, mama. Niko angani."

"Sauti ya mtu huigizwa. Kama u mwanangu, nambia: ulipovunjika mkono, ulianguka wapi?"

"Kwenye ngazi za nyumba ya shangazi, mtaa wa Wiyoni. Lakini wewe nilikudanganya kuwa ni madrasani."

Kisha nikasikia kicheko chake, na vigelegele vya wanawake waliojaa posta.

"Ndiye! Wallahi ndiye! Shika ndia ya huku nikuone!"

Rubani, naye akicheka, akauzunguka mji mara mbili.

Saa nne tulitua kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu. Mashua ilinivusha hadi gatini, na mama alinikumbatia mbele ya watu wote. "Muongo wewe," alisema, machozi yakimtoka.

Kesho yake, wakati wa kurudi, tuliwabeba Bwana Athumani, mkulima wa Pate, na mkewe aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu juzi, tuwafikishe hospitali Mombasa. Tulipopita Malindi nikamuunganisha Bwana Athumani na daktari wa Mombasa.

"Daktari, mke wangu amechoka. Nifanye nini?"

"Mlaze kwa ubavu wa kushoto. Gari litawangoja uwanjani."

Lilikuwepo. Kabla ya adhuhuri alizaliwa mtoto wa kike, mzima, na mama yake salama.

Mkubwa wangu aliposikia, alisema mitambo ibaki. Ofisini tulikuwa tukiamini kwamba simu ya angani itakuwa ya matajiri wenye haraka. Mteja wetu wa kwanza alikuwa mkulima wa Pate, miguu mitupu, na sijaona mtu mwenye haraka kumshinda.